Watakaokuwa wahandisi nao washike randa

Tangu Januari 2024, baadhi ya shule zetu za sekondari Tanzania zilipoanza kupokea wanafunzi wa kidato cha kwanza katika mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, jamaa zangu wa Tanga wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza kama mtoto apelekwe huko au abaki katika mkondo wa jumla. Wananiuliza mimi kwa sababu nafanya kazi katika karakana ya shule ya sekondari mjini Leeds, Uingereza, ambako naandaa mbao na vifaa, nanoa patasi, nakarabati mashine na kumsaidia mwalimu wa somo la Ubunifu na Teknolojia. Jibu langu huwaudhi, kwa kuwa naona kasoro iko katika mpango wenyewe unaowalazimisha kuuliza hivyo. Mtoto wa kidato cha kwanza asingepaswa kuamuliwa mapema kiasi hicho kama maishani mwake atashika randa au hatashika.

Huku England somo hili la Ubunifu na Teknolojia halikuwekwa kwa ajili ya watoto wachache wanaotarajiwa kuwa mafundi. Lilitokana na Sheria ya Mageuzi ya Elimu ya 1988, iliyoleta mtaala wa taifa, na likaanza kufundishwa mwaka 1990. Mpaka leo, katika shule zinazofuata mtaala huo, kila mtoto hulisoma kuanzia umri wa miaka 11 hadi 14, awe anataka kuwa daktari, mwanasheria au dereva wa lori. Katika shule nyingi watoto huzungushwa kwa zamu: majuma kadhaa katika mbao, majuma mengine katika chuma na plastiki, kisha vitambaa, mapishi na saketi ndogo za umeme. Anayemaliza miaka hiyo mitatu hajawa fundi wa kitu chochote, na wala hakuna anayedai hivyo. Amejifunza tu kwamba kila kitu anachokitumia kiliamuliwa na mtu fulani, na kwamba uamuzi huo ungeweza kuwa mwingine.

Lililonivutia zaidi ni namna wanavyopima wanafunzi wanaoendelea na somo hili hadi mtihani wa miaka 16. Nusu ya alama hutoka katika mtihani wa kuandika, na nusu nyingine katika kazi moja ambayo mwanafunzi huibuni, huitengeneza na kuijaribu mwenyewe. Tarehe 1 Juni, mwaka mmoja kabla ya kumaliza, bodi ya mitihani hutangaza mada pana, na mwanafunzi hutafuta tatizo halisi ndani ya mada hiyo, kwa mtu halisi anayeweza kuzungumza naye. Kazi huchukua takriban saa 30 hadi 35, na maelezo yake hukusanywa katika jalada la kurasa 20 hivi za karatasi kubwa. Mwalimu wa somo ndiye anayetoa alama, kisha bodi huchukua sampuli na kuzihakiki, na ikiona shule imependelea watoto wake huzipunguza.

Nitatoa mfano mmoja. Kuna mvulana aliyechagua kumtengenezea babu yake kigoda cha kukalia anapovua samaki mtoni, kwa kuwa vile vya dukani vilikuwa vikizama kwenye tope. Akaja na ndoo ya tope mpaka karakanani (na aliyefagia baadaye ni mimi), akabandika chini ya miguu ya kigoda vipande vya mbao vya maumbo matatu tofauti, akaweka matofali juu yake, akapima kila umbo limezama kiasi gani. Kigoda cha mwisho kilikuwa na sura mbaya. Skrubu zilionekana, na rangi ilipakwa kwa haraka. Lakini alipata alama nyingi kuliko mwenzake aliyeleta kisanduku kilichong'arishwa kwa vanishi kama cha duka la vito, kwa sababu mwenzake hakuweza kuonyesha alijaribu nini, alishindwa wapi, wala kwa nini alichagua mbao ile na si nyingine.

Mimi nilisoma uchoraji wa kiufundi sekondari nikiwa Tanga, na niliupenda. Nilijua kuchora mwonekano wa mbele, wa juu na wa ubavuni wa kipande cha chuma kwa usahihi ambao watoto ninaowasaidia leo hawaukaribii. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kutuuliza kipande kile kilikuwa cha kazi gani, nani angekitumia, au kwa nini tundu la bolti liko pale lilipo. Tulinakili kwa ustadi mkubwa. Hofu yangu ni kwamba amali nayo inaweza kuwa hivyo hivyo, yaani mwanafunzi akatengeneza stuli ileile aliyoonyeshwa na mwalimu, akapewa alama kwa kuifananisha, na neno ubunifu likabaki kwenye jalada la muhtasari wa somo.

Hofu yangu ya pili ni kubwa zaidi. Mikondo inapokuwa miwili, wazazi wa Kitanzania huipanga mara moja kwa heshima, mmoja juu na mwingine chini, na tunayo historia ya kutosha kujua hivyo. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba na karakana viwe sehemu ya maisha ya shule. Miaka iliyofuata sekondari zetu zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Wazo lilikuwa zuri, lakini katika shule nyingi jembe liligeuka kuwa adhabu ya aliyechelewa namba, na mchepuo ukawa jina tu lililoandikwa kwenye kibao cha getini. Shule chache za ufundi za serikali, kama za Tanga, Moshi, Ifunda na Mtwara, zilibeba mzigo wa nchi nzima, huku mtoto wa shule ya kawaida aliyefaulu fizikia na hisabati akiingia chuo kikuu kusomea uhandisi bila kuwahi kukaza jiriwa, kile kifaa cha kubania mbao au chuma. Mpango wa sasa wa mikondo, kwa kadiri ninavyouelewa, hauondoi hali hiyo. Yule atakayekuja kubuni madaraja yetu anaweza kupita katika mkondo wa jumla hadi mwisho bila somo lolote la lazima la kubuni na kutengeneza.

Wala nisieleweke kwamba England wamefika. Somo hili linadidimia huku, na sababu zake zinatuhusu. Mwaka 2004 serikali iliacha kulilazimisha kwa wanafunzi wa miaka 14 hadi 16. Kisha mwaka 2010 ikatangaza kipimo kipya cha ubora wa shule, kilichohesabu Kiingereza, hisabati, sayansi, lugha za kigeni, na historia au jiografia, na Ubunifu na Teknolojia ikaachwa nje. Mwanzoni mwa karne hii watahiniwa wa somo hili walizidi 400,000 kwa mwaka. Leo hawafiki 100,000. Ni kweli kwamba sehemu ya upungufu huo inatokana na mapishi kutengwa kuwa somo lake, lakini hata ukilitoa hilo, anguko ni kubwa. Hakuna waziri aliyelifuta somo. Walimu wakuu waliona tu kwamba haliwaongezei kitu kwenye jedwali la kupanga shule kwa ubora, ilhali karakana ina gharama: kwa kawaida hushauriwa wanafunzi wasizidi 20 kwa mwalimu mmoja, mashine zinahitaji kukaguliwa, na vumbi la mbao lazima lifyonzwe. Kwa hiyo walimu walipostaafu, nafasi zao hazikujazwa.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu kazini hawapendi nilitaje. Mashine ya kukata kwa leza na ile ya kuchapa vitu kwa plastiki zimekuwa mapambo ya siku ya kuwapokea wazazi. Mtoto huchora umbo kwenye kompyuta, akabonyeza, akapata kishikio cha simu cha akriliki, na hajui akriliki hupinda kwa joto au huvunjika kwa kupigwa. Jamaa yangu mmoja aliniambia kwamba Tanga hatuwezi kufundisha somo hili kwa sababu hatuna mashine hizo. Nadhani tunaweza kulifundisha vizuri zaidi kabla hazijafika.

Tazama kilichopo. Mji wa Tanga ndio ulikoanzia ujenzi wa reli ya Usambara mwaka 1893, iliyokuja kufika Moshi mwaka 1911, na ndiko shule ya serikali ya Wajerumani ilikokuwa ikitoa gazeti la Kiswahili la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo ufundi si mgeni kwetu. Longuza, kule Muheza, kuna shamba la serikali la miti ya msaji. Ukipita Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, utakuta mafundi wa baiskeli wanaonyoosha ringi kwa jicho tu, na ukienda pwani utawapata waunda mashua wanaojua taruma likae vipi juu ya mkuku na ubao uzibwe kwa kitu gani ili usivuje. Watoto wa Leeds ninaowasaidia wengi wao hawajawahi kumwona mtu akitengeneza kitu kwa ajili ya kuuza. Mtoto wa Barabara ya Nane, hapo Ngamiani, huwaona kila anapotoka shule, ila shule haijawahi kumwambia kwamba anachokiona ni elimu.

Ningependa kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, wa mkondo wowote, awe na vipindi viwili kwa wiki vya kubuni na kutengeneza, kwa zana za mkono tu: msumeno, randa, tupa, keekee ya mkono, sindano na uzi. Matatizo ya kutatua yasitoke Leeds wala Dar es Salaam. Machungwa ya Muheza huumia njiani. Tenga au mfuko wa kuchumia uweje ili yasigongane? Muuza samaki wa soko la Deep Sea anayezungusha bidhaa kwa baiskeli aweke barafu wapi ili maji yake yasimlowanishe mgongoni? Nyuzi tunazozipata ni sehemu ndogo sana ya jani la mkonge. Hayo mabaki yafanywe nini nyumbani, mbali na kutupwa? Mwanafunzi aandike jalada lake kwa Kiswahili, kwa sababu anapaswa kumhoji muuza samaki na kuandika alichoambiwa, na alama zihesabiwe katika mtihani wa taifa. Sisisitizi alama kwa kupenda mitihani. Nimeona huku kwamba kisichohesabiwa hukosa mwalimu ndani ya miaka michache.

Darasa la wanafunzi 60 haliwezi kuingia karakana kwa pamoja, na sitaki mtu adanganye kwamba linaweza. Ligawanywe mara tatu: kundi moja likate na kuunganisha, la pili lichore mezani, la tatu liwe nje likipima au kuhoji watumiaji. Hivyo ndivyo kazi ya kubuni inavyokwenda hata viwandani, na zana zinazohitajika zinapungua kwa theluthi mbili.

Ugumu unaobaki ni walimu. Mhitimu wa ualimu wa fizikia hataweza kuinoa patasi kwa sababu tu ametumiwa waraka, na fundi seremala wa Ngamiani anayeweza hana cheti kinachomruhusu kusimama mbele ya darasa. Huku mimi si mwalimu. Nina mkataba wa fundi wa karakana, mwalimu aliyesajiliwa yuko chumba kimoja nami na ndiye anayewajibika kwa darasa. Nafasi ya namna hiyo ingeweza kuundwa nyumbani bila kugusa sifa za ualimu, na malipo ya siku mbili kwa wiki kwa fundi mmoja hayawezi kuishinda halmashauri inayokusanya ushuru wa soko kila asubuhi. Ningependa madiwani wa Jiji la Tanga waseme, kabla ya bajeti ijayo, fungu hilo litakaa kwenye kasma ipi.