Nilipoanua Nguo za Jirani

Kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza toleo lake, ambalo ndani yake ninakimbia ngazini na sidiria begani huku jengo zima likinifukuza, nimeona heri niwaeleze mwenyewe kilichotokea juzi kabla habari hiyo haijaota mapembe. Sahihisho la kwanza ni kwamba sikukimbia. Nilikuwa nimesimama wima, mbele ya watu waliokaa, na mkifuatilia vizuri mtaona kwamba laiti ningekimbia ingekuwa nafuu. Suala la sidiria tutalifikia. Naomba mnivumilie, kwa maana bado halijapoa.

Chanzo cha yote ni wema. Wanaonifuata siku nyingi wanakumbuka kwamba niliwahi kuandika kuhusu Siku ya Wema Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 13 Novemba tangu mwaka 1998, nikajigamba kuwa mimi sihitaji kungoja Novemba. Baadaye nikasoma utafiti wa mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake, ambamo wanafunzi walitakiwa kutenda mambo 5 ya wema kila wiki kwa muda wa wiki 6. Waliotawanya matendo yao katika wiki nzima hawakupata tofauti ya kutajika, ilhali wale walioyatenda yote katika siku moja waliongezeka furaha. Mtu mwenye busara angesoma hapo akaelewa kwamba tendo dogo likitawanywa sana humezwa na shughuli za kila siku, hata mtendaji mwenyewe asilione. Mimi nilichoelewa ni kwamba ninatakiwa kumaliza yote kabla ya saa sita usiku.

Siku ilianza kwa baraka. Nilimpisha mtu kiti, nikamwandikia mwalimu wangu wa zamani ujumbe wa shukrani, nikambebea mtu mzigo. Tendo nililojivunia kuliko yote lilikuwa la kumvusha barabara bwana mmoja asiyeona, aliyekuwa na fimbo yake nyeupe. Nilikuwa najua kwamba hupaswi kumkamata mtu kama huyo mkono na kumkokota. Humuuliza kwanza kama anahitaji msaada, na akikubali, humwachia yeye ashike kiwiko chako ili akufuate nusu hatua nyuma, aweze kuhisi unapopanda na unaposhuka. Nilimuuliza, akakubali, tukavuka, akanishukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa mwalimu wa wema mwenye cheti, nikijirudia kimoyomoyo kanuni kuu ya kazi hiyo, yaani uliza kwanza.

Kisha nikafika uani nikaona wingu.

Lilikuwa wingu jeusi, limetanda upande mzima wa jengo letu, na upepo ulikuwa umeanza kupeperusha nguo zilizokuwa kwenye kamba. Kulikuwa na shuka la maua makubwa, foronya zake, magauni, nguo za watoto, na nyingine ambazo kwa heshima niliamua kutozikodolea macho, uamuzi ulionigharimu baadaye. Hapakuwa na mtu uani. Tendo langu la mwisho la siku lilikuwa linaning'inia mbele yangu kwa vibanio, na kwa kuwa nguo hazina mdomo, sikuziuliza chochote.

Kuna jaribio mashuhuri la John Darley na Daniel Batson, lililochapishwa mwaka 1973, ambamo wanafunzi wa chuo cha theolojia huko Princeton walipita njia aliyokuwa ameinama mtu anayeonekana kuugua. Waliokuwa na nafasi walisimama kumsaidia kwa kiasi cha asilimia 63, na walioambiwa kwamba wamechelewa walisimama asilimia 10 tu. Watafiti hao walionyesha kwamba haraka humfanya mtu asisaidie. Ningependa kuwaongezea kwamba ipo haraka nyingine, inayomfanya mtu asaidie kupita kiasi. Nilianua nguo zile kwa kasi ya ajabu, vibanio vikiruka huku na huko, nikazikumbatia zote kifuani mpaka zikanifika puani, na nikapanda ngazi nikiwa sioni ninapokanyaga, ncha ya shuka ikifagia kila daraja nyuma yangu.

Swali la nani mwenye nguo lilinijia nikiwa ghorofa ya kwanza. Nilijijibu haraka. Shuka la maua niliwahi kuliona kwenye baraza ya mama mmoja wa ghorofa ya juu kabisa, mtu mzima anayeheshimika, ambaye kila nikimwamkia huniitikia kwa ufupi unaonifanya nijichunguze. Nilisema moyoni kwamba leo ataniitikia kwa urefu. Nikapanda, nikabisha kwa goti maana mikono haikuwa na nafasi, na sauti kutoka ndani ikasema karibu.

Sasa hapa naomba twende polepole, kwa sababu rafiki yangu amepapita mbio na ndipo penye mambo.

Mlango ulifunguka. Sebule ilikuwa imejaa watu, wote wazima, wote kimya, wamekaa kwa kuzunguka meza yenye makaratasi. Baadaye niliambiwa kwamba kilikuwa kikao cha ukoo cha kugawana mali ya marehemu, na kwamba kilikuwa kimefika mahali pabaya. Mimi wakati huo sikujua lolote. Nilichojua ni kwamba nina hadhira, na kwamba hadhira ni zawadi kwa mtenda wema. Nikapenyeza uso kati ya magauni nikasema kwa sauti ya kutosha, "Shikamoo mama, nimekuletea nguo kabla hazijaharibika."

Hakuitikia. Mzee aliyekaa karibu na dirisha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akalitazama shuka, akawageukia wenzake na kuuliza, "Na hizi nazo ni za marehemu? Mbona hazimo kwenye orodha?"

Kimya kilichofuata kilikuwa na uzito. Bibi mmoja aliinuka, akaja akalipapasa shuka kwa vidole viwili, akatangaza kwamba kitambaa ni kizuri na kwamba ndiyo maana kuna watu walitaka kulificha. Kijana wa upande wa pili akasema hakuna aliyeficha kitu. Mama mwenye nyumba akasema, akinitazama mimi peke yangu, "Hizo nguo si zangu, na wala si za marehemu. Wewe mwanangu umezitoa wapi?"

Nilifungua mdomo ili nijibu. Wakati huohuo, kutoka uani, tena kwa sauti iliyopenya kila dirisha la jengo, ikapaa kelele ya mwanamke: "Mwizi! Jamani nguo zangu zote!"

Mzee wa miwani aliinua kidole. "Kijana," alisema taratibu, kwa upole ambao hadi leo unaniumiza kuliko tusi, "kabla hujajieleza, toa kwanza hicho kilicho begani mwako."

Niligeuza shingo kulia, sikuona kitu. Nikageuka kushoto, na chochote kilichokuwepo kikageuka pamoja nami. Nikazunguka mzima mzima, na nilipomaliza mzunguko nikaona watoto wawili waliokuwa nyuma ya kochi wamejiziba midomo. Ilikuwa sidiria, ya rangi nyekundu iliyokolea, ambayo kulabu zake zilikuwa zimenasa kwenye sufi ya sweta langu na kuning'inia mgongoni kwa utulivu wa medali. Kuitoa kulihitaji mkono mmoja, na mkono mmoja ulimaanisha kuachia nguo. Nilijaribu kuitoa kwa kidevu. Wanaouliza kama jambo hilo linawezekana nawajibu kwamba haliwezekani, na kwamba ukijaribu mbele ya kikao cha urithi utaonekana unainusa.

Ndivyo nilivyokuwa mwenye nguo alipofika mlangoni, dada wa ghorofa ya chini, mshikio wa ufagio mkononi, majirani nyuma yake, na rafiki yangu nyuma ya majirani, simu imeshainuliwa.

Yaliyofuata hayana utamu. Nilijieleza, mzee wa miwani akanitetea kwa hoja kwamba mwizi hagongi mlango, dada akachukua vyake na cha begani akakichomoa mwenyewe bila kuniangalia usoni. Nililifua shuka upya kwa mikono yangu, pamoja na foronya, kwa sababu ya vumbi la ngazi. Kuhusu wingu, lilipita. Halikudondosha hata tone.

Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2022 utafiti unaoonyesha kwamba watu wanaotenda wema mdogomdogo hukadiria chini mno jinsi mpokeaji anavyoguswa na tendo lao. Nakubaliana nao kabisa. Nilikadiria chini mno. Wapo watu wa ukoo ambao sikuwahi kuwajua na ambao, nasikia, waliguswa kiasi cha kupatana jioni ileile, baada ya kugundua kuwa wameshindwa kuendelea kugombana kwa sababu ya kicheko. Rafiki yangu hilo hakuliandika.

Jana mchana shuka lile lilikuwa kambani tena, na safari hii mvua ilikuja kweli, bila onyo, matone makubwa. Mwenye nguo alikuwa mbali, amekwama langoni na watoto. Niliganda barazani. Majirani nao walikuwa kila mmoja barazani pake, wakilitazama shuka likilowa, kisha wakinitazama mimi, na hakuna aliyethubutu kusogea. Ndipo dada alipopaza sauti kutoka langoni, kwa hasira safi: "Wewe kaka, umekodoa nini? Si uanue!"

Nilishuka mbio. Sweta nililivua kwanza.