Mwisho Sijauona

Nina miaka arobaini na miwili, mke, watoto watatu na kisukari kinachonyemelea, na mpaka leo sijui kama Bruce Lee alilipiza kisasi cha mwalimu wake.

Nilikuwepo, msidhani sikuwepo. Banda umiza la Manzese, la mabati, madirisha yamezibwa magunia ili wasiolipa wasichungulie. Ndani TV moja ya chogo, deki moja, na watoto sabini tunapumua hewa ya watu kumi. Adui mkubwa ndiyo kwanza anavua shati. Ukiona adui anavua shati, ujue dakika kumi zijazo hutakiwi hata kupenga kamasi. Hapo hapo gunia la mlangoni likainuka, mwanga ukaingia, na nyuma ya mwanga mama, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi.

"Maji niliyokutuma yako wapi?"

Madumu nilikuwa nimeyakalia. Ndiyo yaliyokuwa kiti changu.

Kesho yake shuleni kila mtu alikuja na mwisho wake. Mmoja akasema Bruce Lee kapigwa risasi, tukamshukia kwa mangumi, maana kila mtu anajua steringi hafi. Kumbe mwenyewe alishafariki tangu 1973, na sisi wote hata kuzaliwa bado.

Zile za kutafsiriwa na Lufufu ndiyo usiseme. Kichina hatujui, Kiingereza tunakijua cha "good morning teacher", lakini Lufufu akishaweka sauti yake, jambazi wa Hong Kong unamwelewa kama jirani yenu mdaiwa. Hizo nazo mwisho sikuuona. Umeme ulikatika.

Nadhani ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Mzee wangu alikuwa mfuasi wa Amitabh Bachchan, ujanani akienda kumtazama kwenye sinema ya Drive-In, kule Msasani. Leo pale pana ubalozi wa Marekani. Kwa hiyo siku naomba viza nilisimama palepale mzee alipokuwa akimlilia Amitabh. Na mimi nilitokwa na machozi, ila yangu ya kupewa viza.

Ndivyo nilivyofika Chicago, na shemeji yangu akanipeleka Wrigley Field kuangalia besiboli. Nimekaa, nimeangalia, nimechoka. Nikamuuliza, "Shemeji, hawa wanaanza saa ngapi?" Akaniambia wako awamu ya nne kati ya tisa.

Ni mchezo wa kusimama. Mrushaji anasimama, mpigaji anasimama, mwamuzi kachuchumaa kama anasubiri daladala. Tangu 2023 wamemwekea mrushaji saa ya kumhesabia sekunde, asizubae. Mimi ningewaachia wazubae. Kwangu ndiyo sehemu pekee duniani mwanamume anaweza kukaa saa tatu bila kuulizwa kodi italipwa lini.

Kilichoniteka hasa ni ule ukuta. Kule nyuma umefunikwa majani yanayotambaa, na mpira ukizama humo, mlinzi anainua mikono juu kama kasimamishwa na polisi. Mchezo unasimama, mpigaji anapewa besi mbili, yaani vituo viwili kati ya vile anavyozunguka mpaka arudi alipoanzia, wanapoita "nyumbani", ndipo pointi ihesabiwe. Nikasema ahaa, hawa ni wenzetu! Na sisi mpira wa makaratasi ukiingia kwenye michongoma mchezo ulisimama, tofauti ni kwamba kwetu mwenye nyumba alitoka na kisu.

Halafu sheria zao zina huruma. Kwenye rede ukipigwa na mpira umekufa, unatoka nje. Huku mrushaji akikupiga na mpira, unapewa besi ya kwanza bure, unatembea taratibu huku unasugua mbavu. Na mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi ni hodari, analipwa mamilioni. Mimi darasa la sita nilipata thelathini kwa mia kwenye hesabu. Mzee alinipigia makofi kweli, ila siyo ya kiganja kwa kiganja.

Sasa sikilizeni msiba wa 2016. Timu yetu, Cubs, haikuwa imechukua ubingwa tangu 1908. Miaka 108! Watu wamezaliwa, wameoa, wamezeeka, wamezikwa na kofia ya timu, kombe hawakuliona. Basi mechi ya saba ya fainali, kule Cleveland, awamu tisa zimekwisha sita kwa sita, mvua ikashuka, wakafunika uwanja kwa maturubai. Mimi na uzoefu wangu wa ndondo za Manzese nikajua mechi imevunjika, itarudiwa kesho. Alfajiri nina zamu. Nikazima TV, nikalala.

Mvua ilinyesha dakika kumi na saba.

Niliamshwa na honi na fataki, nikavuta watoto chini ya kitanda nikidhani nchi imepinduliwa. Cubs wameshinda nane kwa saba. Watu wamevumilia miaka 108, mimi nimeshindwa na dakika kumi na saba!

Hata chakula chao kinanisimanga. Kuna kibanda njia ya kwenda uwanjani, nikanunua hotidogi. Mkate una haradali, vitunguu, nyanya, tango la achari, pilipili. Nikaomba na tomato, ile sosi ya chupa. Muuzaji akaniangalia kama nimeomba bangi. Kumbe Chicago hotidogi haitiwi tomato, ni mwiko, na kutambika hawatambiki. Mtoto wa Manzese, niliyekua nikimwaga tomato ya maji kwenye chipsi mpaka sahani inaelea!

Ndiyo maana Jumapili moja nikaamua mechi naitazamia nyumbani, na chipsi mayai yangu. Viazi nimemenya mwenyewe, maana vile vya mifuko vina kiburi, havishikani na yai. Awamu ya tisa, wamekufa wawili, tumezidiwa pointi moja, wetu wawili wako kwenye besi, na chipsi upande mmoja zimeiva. Chipsi mayai kugeuza ni kitu cha sekunde: unafunika sahani juu ya kikaango, unasema bismillahi, unapindua. Mafuta yakadondokea jiko, moshi ukapanda, king'ora cha darini kikalia kama kimefiwa. Nikanyakua kanga ya mke wangu, nikapanda kiti, nikawa napepea dari.

Sebuleni ukasikika mlio wa watu elfu arobaini.

"Mama watoto! Kumetokea nini?"

Mke wangu huu mchezo haupendi, alikuwa anasuka nywele za binti yetu. Akajibu bila kunyanyua kichwa, "Yule kibonge kaupiga mpira ukaenda kwa watu. Halafu wote watatu wakarudi nyumbani."

"Wamerudije? Walikimbia? Walirukiana? Hebu nisimulie vizuri!"

"Nitajuaje? Watu wamemaliza kazi, wamerudi kwao. Na wewe shuka, hiyo kanga nina harusi nayo Jumamosi."