Rangi Tatu ni mimi mwenyewe

Haya, mmeshaona. Najua mmeshaona kwa sababu tangu asubuhi simu yangu inapokea pole utadhani nimefiwa, na kila pole imesindikizwa na katuni ya karoti. Shoga yangu, ambaye simtaji jina ili asizidi kupata umaarufu, ameweka stetasi ile picha yangu ya ukumbini na maelezo yake ya uongo, eti nililia, eti nilijipaka rangi ya nyumba. Mwenzenu naomba nijitetee.

Kwanza, sikulia. Macho yalitoa maji kwa sababu ya wanja. Pili, haikuwa rangi ya nyumba. Ilikuwa faundesheni, nimeinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo, shilingi 18,000, nikiwa na akili zangu timamu.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa poda na wanja, basi. Sasa Jumamosi ilikuwa send-off ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na kikao cha familia kikaniweka mapokezi, mstari wa mbele kabisa, mtu wa kwanza kuwapokea wakwe. Nikasema hapa sura lazima igharamiwe.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye mdomo wa asali. Alinipaka tone moja kwenye mgongo wa mkono, chini ya taa nyeupe za dukani, akarudi hatua moja nyuma akajishika kifua. "Dada, imekutoa!" Nikauangalia mkono, kweli umetoka. Tatizo ukumbini watu hawakuja kuuangalia mkono.

Jumamosi saa tisa nikajipaka. Jamani, kwa dakika kumi nilikuwa mzuri. Hizo dakika kumi naomba ziandikwe mahali, kwa sababu shahidi ni kioo changu peke yake. Paji la uso nikalipiga mara mbili kuficha chunusi, nikachukua bajaji hapo mtaani kwetu Rangi Tatu, Mbagala, kuelekea Temeke.

Mnalijua jua la Dar mwezi wa pili. Mnaijua na foleni ya Barabara ya Kilwa. Jasho likaanza kwenye pua, likahamia mashavuni. Dereva akawa ananiangalia kwenye kioo, anageuza macho, anarudi tena kuniangalia. Mimi nikajua uzuri umemzidi nguvu. Nikageukia pembeni kwa maringo, nikamwachia upande wa shavu afaidi.

Nafika ukumbini, nakutana na huyuhuyu mwenye stetasi. Akaniangalia usoni, sekunde tatu nzima, akasema, "Shoga, umewaka!" Na mimi nikashukuru. Nikashukuru, jamani.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo anaponisingizia.

Wakwe wakaingia. Muziki juu, vigelegele, udi unafuka mlangoni. Mbele kabisa mama wa bwana harusi, gauni la lesi nyeupe. Si maziwa, si krimu, nyeupe ile ya kufuliwa peke yake. Mpiga video anarudi kinyumenyume mbele yake na taa yake kali. Nikapiga goti kidogo: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu," akafungua mikono. Mama wa watu ana upendo, hakunikumbatia kwa vidole kama wakwe wengine, alinivuta mzimamzima. Shavu langu likatua begani kwake. Likakaa. Nikasikia baridi ya lesi, nikasikia manukato yake, na katika kujitoa nikasikia kitu kama plasta inabanduliwa.

Nikarudi nyuma. Pale begani kulikuwa na shavu. Kulikuwa na nusu ya nyusi. Kulikuwa na kona ya mdomo ikitabasamu. Paspoti saizi kabisa, ningeweza kuipeleka ofisi yoyote wakanihudumia.

Mama akaliangalia bega lake. Akaniangalia mimi. Akaliangalia bega tena. Halafu, wala hakukasirika, na afadhali angekasirika, akafungua mkoba akatoa leso, akanishika kidevu kama mtoto aliyetoka kuchezea mchanga, akaanza kunifuta. Shavu moja. Taratibu. "Pole mwanangu, barabara zenu zina vumbi jekundu hizi."

Nikainua macho ili nisikutane na yake, nikakutana na ya kwangu. Kwenye skrini. Skrini ile ya ukutani, kubwa kama mlango wa gereji. Shavu la kushoto chungwa. La kulia, lililofutwa, maji ya kunde yangu ya kuzaliwa. Paji la uso, taa ya kamera ilivyolipiga, jeupe kama chaki.

MC, Mungu anamwona, akaona atuokoe kwa kuleta uchangamfu. "Jamani, mpokeaji wetu huyu ametokea wapi?"

Na sauti ikatoka meza ya nyuma, naijua ile sauti, nimekua nayo: "Mbagala Rangi Tatu!"

Ukumbi ulianguka. Mpiga ngoma aliacha ngoma. Bwana harusi, ambaye siku ile alitakiwa awe mpole mbele ya ukweni, alijifunika uso kwa tai.

Mengine ni mafupi. Chooni, sabuni ya kunawia, pilau nimelila jikoni na wapishi, na wapishi nao walikuwa wameshapata habari. Jana dada wa saluni akanipa somo bure huku akijizuia kucheka: faundesheni hujaribiwa kwenye taya, unatoka nje kwenye mwanga wa jua, unasubiri, maana ikikauka na kukutana na mafuta ya ngozi inakolea. Ule weupe ni kinga ya jua iliyomo ndani yake, ile yenye titani, ukipigwa taa ya kamera inarudisha mwanga. Na rangi yenyewe inatokana na oksidi za chuma. Nikauliza oksidi za chuma ndiyo nini. Akasema, kwa lugha ya nyumbani, ni kutu. Kwa hiyo nilitoa elfu kumi na nane nikapake kutu. Mnaocheka nawaona, endeleeni.

Nilidhani yameisha. Sasa hivi, wakati naandika hapa, umeingia ujumbe kutoka kwa mama wa bwana harusi mwenyewe, na picha ya gauni. Nipo pale begani, bado natabasamu. Ameandika: "Hujambo mwanangu. Dobi anauliza, ile ni rangi ya maji au ya mafuta?"

Nimeigeuza chupa mara nne. Sijui nimjibu nini.