Mbwa Koko Akipata Mwenyewe

Mtoto akiumwa na mbwa Manyatta au Nyalenda, mitaa yetu ya Kisumu, ubishi huanza hata kidonda hakijaoshwa. Wengi wanataka kaunti ilete watu wawaue mbwa wote wanaozurura. Wachache, na mara nyingi ni kijana mmoja au mama mmoja ambaye majirani wanamcheka tangu zamani, wanasema mbwa yule angechukuliwa na mtu, akachanjwa, akafugwa, tusingefika hapa. Kundi la kwanza linahesabiwa kuwa la watu wenye akili zao. La pili linaambiwa lina huruma ya kizungu. Mimi naona huruma ndiyo sehemu ndogo kabisa ya hoja yao, na hiyo nyingine haijasikilizwa.

Hofu ya majirani ina msingi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Serikali, katika mpango wake wa kuutokomeza ugonjwa huu wa 2014 hadi 2030, ilikadiria kuwa huenda unaua hadi Wakenya 2,000 kwa mwaka. Dunia nzima makadirio ni watu 59,000, na hadi asilimia 99 ya wagonjwa huambukizwa na mbwa. Kwetu si habari ya kusikia: kisa cha kwanza cha binadamu kuandikwa nchini, mwaka wa 1928, kilikuwa cha mwanamke wa ukanda huu wa Ziwa Victoria, na Kisumu na Siaya ziliwekwa kati ya kaunti tano za kuanzia mpango huo. Mzazi anayekaa kwenye ploti ya vyumba kumi, choo nje, bomba nje, watoto wakicheza kwenye korido ile ile atakamolala mbwa, ana haki ya kumuuliza jirani yake kamleta nani. Muislamu naye ana suala la twahara, kwani kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, walisema wazee, na mwenye ploti analisema lile lile kwa lugha yake: hakuna mbwa humu.

Ila huyo koko tunayemwogopa ni nani? Nenda Obunga, kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Mbwa wamelala pembeni, pua zimeelekea kwenye karai, wanangoja kichwa kianguke. Ukiwatazama utasema hawa wote hawana kwao. Subiri jioni. Mmoja anapita kwenye tundu la uzio wa mabati, mtoto anamwita Bosco, anamwagiwa ukoko wa ugali kwenye sufuria iliyotoboka. Mwingine anavuka barabara na kwenda kujilaza mbele ya duka anakolinda usiku. Tafiti zilizofanywa sehemu mbalimbali za Kenya zimekuta hivyo hivyo: mbwa wengi wanaozurura wana boma wanalolitambua, na boma linawatambua. Wana wenyewe wa usiku, wa kuwategemea mwizi akija, ambao siku mbwa akiuma mtu wataapa kwamba hawajawahi kumwona.

Kwa hiyo anayemchukua koko na kusema waziwazi "huyu ni wangu" hajaleta mnyama wa mwituni mtaani. Mnyama alikuwa mtaani tayari. Kilichoongezeka ni mtu wa kuulizwa.

Na huyo mtu wa kuulizwa ndiye anayekosekana kwenye hesabu ya asilimia 70, hesabu ambayo naomba tukae nayo kidogo. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa kila mwaka, kichaa hukosa njia ya kupita na hatimaye huisha. Watu huisikia 70 kama alama ya kufaulu mtihani, kwamba 69 umeanguka. Siyo hivyo. Kichaa cha mbwa hakienei kwa kasi kama surua. Kinga hata chini ya nusu ya mbwa ingeweza kukibana. Sabini imewekwa juu kwa sababu kinga ya mtaa huvuja. Tuseme leo Nyalenda ina mbwa 100 na tumechanja 70. Tuseme pia, kwa mfano tu, kwamba ndani ya mwaka 30 wanakufa, kwa pikipiki, kwa sumu, kwa minyoo, kwa njaa, na vitoto 30 vinachukua nafasi zao. Kati ya waliokufa, 21 walikuwa wamechanjwa. Vitoto havijachanjwa hata kimoja. Hujakosea lolote, na mwaka haujaisha vizuri, lakini 70 yako imekuwa 49. Kampeni ikichelewa mwaka mmoja tu kwa sababu bajeti haikupita, unajua kinachofuata.

Inavuja wapi? Kwenye vifo na kwenye vizazi. Mbwa wa mtaani haishi muda mrefu. Kila anapokufa aliyechanjwa, sindano ya kaunti imezikwa naye. Mbwa huyo huyo akipata geti, chakula na mtu wa kumtoa kupe, anaishi miaka, anachanjwa tena na tena, na anakaa kwenye ile 70 bila kuitoa jasho serikali. Tena siku ya kampeni anafika. Wanaochanja watakwambia shida yao: meza iko chini ya mti, chanjo iko kwenye kisanduku cha barafu, na mara nyingi ni bure, ila mbwa asiye na wa kumvuta kwa kamba haji. Utamkimbiza wapi? Mtoto wa darasa la nne anayemvuta Bosco wake amefanya kazi ambayo maafisa watatu na wavu wangefanya asubuhi nzima.

Hoja ya kuua inashindwa kwa hesabu hiyo hiyo. Nyama ya sumu haichagui. Inamla aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, na mara nyingi inaanza na aliyechanjwa kwa sababu ndiye aliyezoea kupokea chakula kwa watu. Nafasi yake kwenye jalala inajazwa na mgeni ambaye hakuna anayejua ametoka wapi. Kule Bali, Indonesia, kichaa kilipoingia mwaka wa 2008 waliua mbwa kwa wingi, na ugonjwa ukaendelea kusambaa kisiwani; ulianza kurudi nyuma baada ya kuchanja kisiwa kizima kuanzia 2010. Sheria yetu ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inaipa serikali mamlaka makubwa juu ya mbwa wanaozurura, na sina ugomvi na mamlaka hayo. Ugomvi wangu ni na imani kwamba mizoga kwenye mkokoteni ni ushahidi wa kazi.

Sasa upande mgumu, ambao wapenzi wa mbwa huuruka. Nairobi anayetaka mbwa wa kuokolewa anaweza kwenda KSPCA, shirika la kutetea wanyama lililoanza mwaka wa 1910, akahojiwa, kwake kukakaguliwa, akapewa mbwa aliyechanjwa na kufungwa uzazi. Huku kwetu mbwa wengi huokotwa moja kwa moja barabarani, na kazi yote ambayo shirika lingefanya inamwangukia aliyeokota. Kubwa zaidi ni hili: mbwa anaweza kuwa ameshaumwa na mwenye kichaa wiki kadhaa nyuma, ana afya ya kuonekana, na virusi vinasafiri taratibu kuelekea ubongoni. Mara nyingi dalili huchukua wiki tatu mpaka nane, wakati mwingine miezi. Chanjo ya leo haifuti maambukizi ya mwezi jana. Jirani anayesema "huyo mbwa humjui" amesema kweli tupu. Jibu la haki kwake ni muda: mbwa achanjwe siku ile ile, kisha akae peke yake kwenye eneo lililofungwa, mtu mzima mmoja tu akimlisha, watoto wakimtazama kwa mbali, kwa miezi miwili au zaidi kama nafasi ipo. Asiyeweza hilo, kwa maoni yangu, asianze.

Muda huo una faida nyingine, kwa sababu koko hajui nyumba. Inama kuokota ndala yako iliyoanguka uone. Atakuwa ameshafika nyuma ya tangi la maji, kwa kuwa maisha yake yote binadamu aliyeinama mbele yake alikuwa akiokota jiwe. Weka ugali na omena kwenye bakuli: hatakula palepale, atabeba tonge kubwa analoweza na kukimbilia kona, na ukimfuata atanguruma, si kwa ubaya, bali kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfuata kwenye chakula ila kumnyang'anya. Ndiyo maana mtoto mdogo haachwi naye kwenye bakuli. Wengi hukata tamaa hapa, wanasema mbwa hana shukrani, wanamfungulia geti usiku. Mbwa aliyezoeshwa watu nusu kisha akarudishwa barabarani ni hatari kuliko alivyokuwa mwanzo: sasa hakimbii mtu, na wala hamwamini.

Kisha kuna uzazi. Jike hubeba mimba siku 63 hivi, na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Sisi tuna tabia yetu, tuiseme tu: dume anatafutiwa mwenyewe, majike yanatiwa gunia na kuachwa karibu na soko. Familia inayookoa jike na kumwacha azae kila msimu inaokoa mmoja na kuirudishia barabara vitoto saba. Na hapa hoja yangu inachechemea, kwa sababu chanjo hutolewa bure siku za kampeni, lakini upasuaji wa kufunga uzazi ni wa kulipia, na kwa mama anayekaanga samaki ni kazi ya siku nyingi. Milimani, mtaa wa wenye nacho, wataumudu bila kuuliza bei. Nyalenda, ambako ndiko mbwa waliko, wengi hawataumudu. Kaunti ikitaka kutumia pesa mahali zitakapoonekana miaka mitatu baadaye, iziweke hapo badala ya kununua sumu.

Mpangaji je? Sitamwambia mtu avunje mkataba wa nyumba kwa ajili ya mbwa. Lakini ploti nyingi tayari zina mbwa wao asiyekubalika rasmi, anayelala karibu na geti na kulishwa na kila mlango kidogo kidogo. Huyo angeweza kuwa mbwa wa ploti kwa makubaliano: jina moja, kamba moja, kadi ya chanjo kwa keyateka, yule msimamizi wa ploti, mchango mdogo unaokusanywa pamoja na ule wa taka. Muislamu wa mlango wa nne hatalazimika kumgusa, na wazee wa dini wanajua kuwa mbwa wa kulinda ana nafasi yake. Nimesikia pingamizi kwamba mali ya wote huwa si ya mtu. Ni kweli, na ndiyo sababu keyateka awe na kadi mkononi.

Wapo watakaosema yote haya ni mazungumzo ya kabla ya mbwa kuuma, na kwamba siku mtoto ameumwa hesabu ya 70 haimsaidii mzazi. Basi tuiangalie siku hiyo. Kidonda kinaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, mtoto anakimbizwa hospitalini, pengine ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo wengi bado wanaiita Russia, anaanzishiwa sindano. Swali la kwanza la daktari litakuwa: mbwa ni wa nani, na yuko wapi? Kama ni wa nyumba inayojulikana, anafungwa na kutazamwa siku 10. Mbwa anayetoa virusi kwenye mate huugua na kufa ndani ya muda huo. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akiugua, daktari wa mifugo anamuua kwa sindano na kichwa kinakwenda maabara. Kama ni koko asiye na kwao, ameshatoweka kwenye vichochoro au ameshapigwa mawe na kutupwa mtaroni, hakuna wa kutazamwa, na mtoto anamaliza dozi zote, mzazi akitafuta nauli ya kila safari.