Mabawa yanapewa sifa zote, mkia je?

Ukimuuliza mtu ndege inapaaje atakwambia mabawa, afu kama kasoma kidogo ataongezea ile stori kwamba bawa limevimba juu, kwa hiyo hewa ya juu ina safari ndefu na inabidi ikimbie ili ikutane na mwenzake wa chini pale nyuma. Jamani, hiyo stori sio kweli na inaniudhi bado inafundishwa. Hakuna kinachoilazimisha hewa ya juu imsubiri mtu, wakiipima kwenye yale mahandaki ya majaribio yanayopuliziwa upepo wanakuta imefika mapema kabisa. Na ndege za maonyesho zinazoruka mgongo chini zingewezaje?

Bawa kazi yake ni kuisukuma hewa chini. Limeinuliwa kidogo mbele, na ule mviringo wa juu unaifanya hewa ilifuate na kuteremka nalo, presha ya juu inapungua, ya chini inazidi, bawa linanyanyuka. Ukizidisha kuliinua, kwenye mabawa mengi ni kama digrii 15 hivi, hewa ya juu inashindwa kulifuata inabanduka, na hapo injini zingurume zitakavyo, bawa limeacha kubeba.

Wengi wanaishia hapo. Mi naona utamu ndo unaanza, maana bawa peke yake halitulii, linataka kubinuka tu. Anayelituliza ni mkia, tena kwa namna ambayo ukiisikia mara ya kwanza unabisha: kwenye ndege nyingi za abiria yale mabawa madogo ya nyuma yanausukuma mkia CHINI, sio juu. Uzito wa ndege unapangwa uwe mbele kidogo ya pale mabawa makubwa yanapobebea, kwa hiyo pua muda wote inataka kuinama na mkia unaizuia kwa kukandamiza huku nyuma. Utasema si hasara hiyo, mabawa yanabeba mzigo wa bure? Ni hasara kweli. Ila spidi ikipungua, mkandamizo wa mkia nao unapungua, pua inainama yenyewe na ndege inachukua spidi tena, yaani imeshaanza kujirekebisha rubani hajagusa kitu.

Halafu kuna lile pezi lililosimama, kazi yake kama manyoya ya mshale, pua ikienda pembeni linairudisha. Tarehe 12 Agosti 1985 Boeing 747 ya Japan Airlines, safari namba 123 Tokyo kwenda Osaka, ililipoteza hewani. Mkia wake uligonga lami mwaka 1978, ukuta wa nyuma unaozuia presha ukatengenezwa vibaya, na miaka 7 baadaye ukapasuka, hewa ya ndani ikatoka kwa kishindo ikang'oa sehemu kubwa ya pezi pamoja na mifumo yote minne ya haidroliki, yaani mabomba ya mafuta yenye presha yanayosukuma vidhibiti vya ndege. Mabawa yalikuwa mazima! Injini zote 4 zinafanya kazi! Marubani wakahangaika kama nusu saa wakiongeza na kupunguza nguvu za injini huku ndege inayumba na kupanda na kushuka, mwisho ikagonga mlima, watu 520 wakafa kati ya 524. Mtu akiniambia mkia ni pambo namtajia hii. Najua kuna ile B-52, ndege ya kivita ya Marekani ya kudondosha mabomu, iliyopoteza karibu pezi lote Januari 1964 na ikatua salama, lakini ile vidhibiti vingine vilikuwa bado vinamtii rubani.

Ndo maana wale wanaonuna wakihamishwa siti kwenye vindege vidogo vya kwenda Mafia au Zanzibar siwaelewi. Kwenye Cessna Caravan wanene wanne wakijazana nyuma, uzito umehamia mkiani, na uzito ukirudi nyuma kupita kiasi ile tabia ya kujirekebisha inapotea, ndege inakuwa inainua pua ovyo. Dada wa kaunta akikuuliza kilo zako taja za kweli bwana, sio za mwaka uliofunga ndoa.

Kwenye Airbus A330 hawahamishi watu, wanahamisha mafuta. Kuna tangi ndani ya mkia kabisa, ndege ikishapanda kompyuta inapeleka mafuta huko, uzito unarudi nyuma kidogo kwa kipimo, mkia unapunguza kukandamiza na ile hasara niliyoisema inapungua, mafuta yanachomwa kidogo zaidi. Wakikaribia kutua yanarudishwa mbele.