Ada ya Kutwa Inawafukuza Wateja Nairobi

Ada ya kuegesha gari katikati ya Nairobi ikiguswa, kelele zote huwa juu ya kiasi. Mwaka 2013 kaunti iliipandisha kutoka shilingi 140 hadi 300, na vuta nikuvute haijaisha. Lakini kinachowaumiza wenye maduka ni kwamba unalipa mara moja, unakaa kutwa.

Chukua nafasi moja mbele ya duka la leso, Biashara Street. Mtu wa ofisini anafika saa mbili asubuhi, analipa kwa simu, anaondoka saa kumi na moja jioni. Muda wa saa 9, gari moja. Wateja wa saa moja moja wangekuwa 9. Anayetaka leso mbili tu hulipa sawa na aliyeshinda pale, tena akibahatika kupata nafasi. Asipopata, atazunguka mitaa mpaka achoke, aishie kununua Westlands, nje ya katikati ya jiji. Na mara nyingi gari lililoziba mlango ni la mwenye duka mwenyewe!

Old Pasadena, California, iliugua ugonjwa huohuo: wafanyakazi wa maduka ndio waliojaza kando ya barabara. Mwaka 1993 mji ukaweka mita za kulipia maegesho, dola 1 kwa saa. Wafanyabiashara waligoma kukubali hadi walipoahidiwa kwamba pesa zitabaki mitaani kwao, zitengeneze njia za miguu, taa na usafi. Biashara ikafufuka.

Nairobi tayari inatoza kwa namba ya gari, kwa hiyo kutoza kwa saa hakuhitaji mashine mpya barabarani. Dakika 15 ziwe bure, saa ya kwanza nafuu, kila inayofuata ghali zaidi. Kikomo cha saa mbili pekee hakifui dafu, kwani mtu atalipia upya akiwa kwenye meza yake ya kazi. Bei inayopanda ndiyo humwondoa. Kila mtaa uwe na bei yake: katika nafasi 10, moja au mbili ziwe wazi muda mwingi. Zikijaa zote, pandisha. Zikibaki nne wazi, teremsha. Pikapu za mizigo zimalize kushusha kabla ya saa tatu asubuhi.

Aliyepitisha muda asifungiwe gurudumu kwa klampu. Gari lililofungwa linaendelea kukalia nafasi ileile alasiri nzima, na mteja huyo harudi tena. Deni liandikwe kwenye namba ya gari.

Wanunuzi wengi wa mjini hushuka matatu na kutembea. Sehemu ya makusanyo ya kila mtaa izibue mitaro na kutengeneza njia za miguu za mtaa huohuo, na hesabu ibandikwe hadharani kila mwezi.