DNA na virukanjia: nani ni ndugu wa nani, na nani ni spishi

Waweke virukanjia kumi wa jenasi (kundi la spishi zilizo karibu kinasaba) ya Crocidura mezani, na hata mtaalamu aliyewasoma miaka mingi anaweza kushindwa kusema ni spishi ngapi. Wote wana manyoya ya kijivu au kahawia na pua iliyochongoka, na kinachowatofautisha mara nyingi ni vipimo vidogo mno vya fuvu na meno. Jenasi hii ina spishi zipatazo 200, na hakuna jenasi nyingine ya mamalia inayoifikia. Basi si ajabu kwamba DNA imebadilisha sana uainishaji wao. Swali ni je, tuiachie DNA iamue kila kitu?

Kwenye suala la nasaba, kwa maoni yangu, ubishi umekwisha. Sange, mwenye pua mfano wa mkonga, aliwahi kuwekwa pamoja na virukanjia kwa kuwa ana pua ndefu na hula wadudu. Vinasaba vikaonyesha kwamba jamaa zake ni tembo, nguva na pimbi, katika kundi lililopewa jina la Afrotheria mwaka 1998. Virukanjia wenyewe ni jamaa wa kalunguyeye. Pua ndefu ilijitokeza katika koo mbili zilizo mbali kabisa, na fuvu peke yake lilitupotosha.

Ugumu uko kwenye mpaka wa spishi. Mwaka 2015 watafiti waliochunguza virukanjia wa milima ya Tanzania walitangaza spishi tatu mpya, Crocidura newmarki, C. mdumai na C. munissii, katika kundi lililokuwa likihusishwa na C. monax. Mwaka 2021 spishi 14 zilitangazwa kwa mpigo kutoka kisiwa cha Sulawesi, Indonesia. Wanaotetea vinasaba wana hoja nzito: bila DNA, wengi wa wanyama hawa wangeendelea kulala kwenye droo za makumbusho chini ya majina yasiyo yao.

Lakini wapo wanaohoji, na nadhani wanastahili kusikilizwa zaidi. Viumbe waliotengwa kwenye vilele vya milima lazima watofautiane kidogo kivinasaba, hata kama ni spishi moja. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba mbinu za kitakwimu zinazotumika sana kutenganisha spishi zinaweza kuhesabu jamii (makundi yanayoishi mahali tofauti) za spishi moja kana kwamba kila jamii ni spishi. Aidha, DNA ya mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vilivyo nje ya kiini, hurithiwa kwa mama tu, na inaweza kuvuka kutoka spishi moja hadi nyingine wanapozaliana. Mti wa nasaba uliojengwa juu yake peke yake unaweza kudanganya.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni kirukanjia Sorex araneus wa Ulaya na Asia. Ana jamii zaidi ya 70 zinazotofautiana kwa mpangilio wa kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, ilhali zote zinahesabiwa kuwa spishi moja, kwa sababu zinapokutana huzaliana na jeni huendelea kupita. Jirani yake, Sorex coronatus, anafanana naye mno kwa sura na alitambuliwa kwa kromosomu katika miaka ya 1960. Huyu ni spishi kamili: hata wakiishi eneo moja, kila mmoja hubaki na vinasaba vyake. Ushahidi ni wa aina ileile, hukumu ni mbili tofauti. Kilichoamua ni kama jeni zinapita, si wingi wa tofauti.

Milimani kipimo hicho hakipatikani, maana jamii zenyewe hazikutani. Hapo ndipo kosa lina gharama. Spishi ya mlima mmoja ikifichwa ndani ya jina la spishi iliyoenea, msitu wake unaweza kufyekwa bila mtu kujua kilichopotea. Tukigawanya ovyo, orodha za viumbe walio hatarini zitajaa majina yasiyo na uzito, na fedha chache za uhifadhi zitatawanyika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: jina jipya litolewe pale jeni nyingi za kiini cha seli na maumbile ya mwili vinapokubaliana. Kikiwapo kipande cha mitokondria tu, tusubiri. Na hilo linadai kazi ambayo maabara haiwezi kuifanya peke yake, yaani kuendelea kukusanya sampuli kamili, zenye fuvu, ngozi na tishu. Jina la zamani limefungwa kwenye sampuli ya mfano iliyohifadhiwa makumbusho, na asiyeilinganisha na mnyama wake hawezi kujua kama amegundua spishi au amempa jina la pili aliyekwisha kuwa nalo.